Jicho na ini, wapi na wapi?

SWALI: Dokta, shikamoo. Mimi mtu wa Tanga, nimeolewa Uppsala, Uswidi. Mwaka 2021 mume wangu, Mswidi mwenye macho ya buluu, alianza kuona kivuli pembeni mwa jicho la kushoto. Wakamkuta na melanoma, aina ya saratani, ndani ya jicho. Walimshonea kibati chenye mionzi, kikakaa siku chache, wakakitoa. Uvimbe umesinyaa. Sasa amestaafu, tunahamia Tanga, naye anasema mambo ya kupima ini kila miezi 6 yanaishia uwanja wa ndege. Kaka yangu anamuunga mkono: jicho na ini, wapi na wapi?
Mama Elin

JIBU: Marahaba, Mama Elin. Swali la kaka hata mimi niliuliza nikiwa mwanafunzi. Tabaka la jicho linaloota uvimbe huu limejaa mishipa ya damu, ila halina mishipa ya limfu, ile inayopeleka majimaji ya mwili kwenye tezi. Chembe za saratani zikitoroka hazipitii tezi za shingo. Zinaingia kwenye damu moja kwa moja. Kati ya wagonjwa 10 ambao imesambaa, 9 hivi hukutwa nayo kwenye ini.

Tena saratani hii haina haraka. Oliver Sacks, daktari na mwandishi, aligunduliwa nayo jichoni mwaka 2005 akatibiwa kwa mionzi; mwanzoni mwa 2015 akatangaza kuwa imefika kwenye ini, na Agosti akafariki. Wapo iliowarudia baada ya miaka 20.

Simtishi shemeji, wengi hairudi kabisa. Na kupima hakuzuii ugonjwa, nakiri. Lakini doa dogo kwenye ini likiwahiwa, pengine hukatwa, na tangu 2022 kuna tebentafusp, dripu ya kila wiki inayorefusha maisha ya wale wenye alama fulani ya kurithi kwenye chembe zao. Asiridhike na kipimo cha damu pekee: kinaweza kutoka safi na doa lipo.

Kabla ya safari ombeni vipimo vya unene wa uvimbe, majibu ya vinasaba kama walichukua kinyama cha uvimbe, na picha zote za ini kwenye CD. Ultrasaundi mtaipata hapohapo Tanga. Mpigaji aione picha ya zamani kabla hajaandika jibu. Ikihitajika MRI, nendeni Dar.

Jicho lenyewe bado lichunguzwe, maana mionzi huchakaza retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, polepole. Na lile la kulia ndilo tegemeo lake sasa: avae miwani ya kinga, hata akienda kufua nazi.