Kabla nyundo haijagusa ukuta: maswali yenu kuhusu kujenga na kukarabati duka

Barua nyingi za mara hii zinatoka kwa watu wanaoacha kuuzia dirishani na kuhamia kwenye duka la kisasa, ambako mteja anaingia na kuchagua mwenyewe. Ni hatua kubwa, na pesa inayoingia humo ni ya jasho. Nitajibu kwa kirefu pale penye hatari.

Shikamoo mama. Nimekodi fremu mbili zinazopakana hapa Mbagala, nataka kubomoa ukuta wa katikati nifungue supamaketi ndogo. Fundi anasema ni tofali tu, kazi ya siku moja. Nimruhusu?

Marahaba, mwanangu. Usimruhusu bado. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni kilichoko juu ya ukuta huo na kimeegemea wapi. Kama jengo lina nguzo na bimu (mihimili ya juu) za zege, na tofali zimejazwa tu katikati, ukuta unaweza kuondoka bila madhara. Lakini fremu nyingi za mitaani kwetu hazina nguzo. Ukuta wenyewe ndio umebeba slabu au kenchi za bati. Ukiubomoa, jengo linaweza lisishuke siku hiyo. Nyufa huja baadaye, rafu zimejaa na watu wamo ndani.

Kugonga ukuta na kusikiliza mlio si kipimo. Mwombe mwenye nyumba michoro. Asipokuwa nayo, mtafute mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, abandue plasta kidogo juu ya ukuta aone kama kuna bimu na imekaa juu ya nini. Akikuta ukuta umebeba mzigo, bado una njia: unafungua sehemu tu, mirunda inasimamishwa kwanza, kisha bimu mpya inawekwa kwa vipimo atakavyotoa yeye. Kibali cha halmashauri nacho kinahitajika kabla ya kuanza.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo asubuhi, na watu zaidi ya 20 walikufa wakiwa kwenye shughuli zao. Siwezi kujibu swali lako bila kuwakumbuka. Watu hubishania ada ya mhandisi huku wamekwisha kununua vigae vya duka zima. Anza na mhandisi, vigae vitasubiri.

Chumba changu ni mita 5 kwa 9. Nataka safu mbili za rafu katikati. Zitatosha?

Tupige hesabu. Rafu za ukutani zenye kina cha sentimita 40 kila upande zinakula sentimita 80, unabaki na mita 4.2. Safu mbili za katikati, kila moja sentimita 90, zinaondoa mita 1.8. Njia tatu zinagawana mita 2.4, yaani sentimita 80 kila moja. Hapo mama aliyebeba mtoto na kikapu hapishani na mtu, na mwenye kiti cha magurudumu hapiti kabisa. Weka safu moja. Utapata njia mbili za karibu mita 1.65, na duka litapumua.

Rafu za katikati zisizidi sentimita 140 kwenda juu, ili aliyeko kaunta aone mpaka nyuma. Sukari na mafuta ya kupikia, ambavyo kila mtu anakuja kuvifuata, vinaweza kukaa ndani ili mteja apite kwenye bidhaa nyingine. Ila mfuko wa unga wa kilo 25 uweke karibu na mlango. Kumtembeza mtu na mzigo huo duka zima ni kumchosha bure. Kabla ya kuagiza rafu, zichore sakafuni kwa chaki na upite humo mwenyewe na kikapu.

Nina friji nne za vinywaji na kiyoyozi kimoja. Duka bado linachemka, na breka inakata kila mchana.

Friji inatoa joto ndani yake na kulimwaga chumbani, pamoja na joto la mota yake. Kwa hiyo kiyoyozi chako kinapigana na friji nne. Zisogeze zisigusane na ukuta, ziwe karibu na sehemu hewa inapotokea, na uweke feni ya kutoa joto nje. Kwa vitu vya kugandisha, friza la kufunguka juu linatunza baridi vizuri zaidi, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haimwagiki ukifungua.

Breka kukata ni onyo. Usiibadilishe kwa kubwa zaidi huku waya ni ule ule, maana utauchoma waya ndani ya ukuta. Kila friji na kiyoyozi kipewe laini yake. Fundi umeme mwenye leseni ajumlishe mzigo wote, na ukizidi uwezo wa njia moja, omba TANESCO umeme wa njia tatu. Yote haya yafanyike kabla ya plasta na jipsamu. Na hizo ekstensheni zilizojificha nyuma ya friji, ziondoe leo.

Nauza vitenge Mwanza. Wateja wananirudishia wakisema nje rangi ni nyingine.

Tatizo ni taa. Kwenye boksi tafuta CRI au Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, na chukua ya 90 au zaidi. Mwanga wa 4000K unafaa; K ni kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe. Ule wa 6500K unavuta rangi kuelekea bluu.

Nimelipa kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu, na mkataba ni wa mwaka mmoja. Nikarabati?

Si kwa masharti hayo. Vigae, dari na nyaya vinabaki kwa mwenye nyumba. Mwombe mkataba mrefu zaidi, au gharama zikatwe kwenye kodi, na iandikwe kabla hujanunua hata mfuko wa saruji. Weka pesa zaidi kwenye rafu na taa za kufungua na kuondoka nazo.

Fundi anataka pesa yote mwanzoni.

Hapana. Vifaa nunua mwenyewe, ufundi ulipe kwa hatua, na bakiza asilimia 10 mpaka kasoro zirekebishwe.

Mlangoni kuna ngazi tatu. Nataka njia ya kiti cha magurudumu.

Nakupongeza kwa kulifikiria. Kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo unahitaji mita 5.4. Ikikosekana nafasi ya kwenda mbele, ilaze sambamba na ukuta wa duka, uweke reli ya kushika na sehemu bapa mbele ya mlango, na usifunike mfereji wa maji ya mvua.