Kabla hujamwandikia mtu mlo, ingia jikoni kwake

Vijana waliomaliza shahada ya lishe, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), huniuliza jambo moja: "Dada, nami nawezaje kujitegemea kama wewe?" Ninatoa ushauri wa lishe hapa Moshi, sijaajiriwa na hospitali yoyote, na wateja wangu nawapata mmoja mmoja. Nijibu kwa kirefu leo, na nianze na mama mmoja wa Kibosho.

Alinijia na presha iliyokataa kushuka. Dawa alikuwa anameza na kliniki alikuwa hakosi. Nikamuuliza kuhusu chumvi. "Mwanangu, chumvi nimeiacha tangu Pasaka. Hata mezani haiwekwi." Nilimwamini, na kweli hakuwa anadanganya. Nikampa karatasi yenye mpangilio mzuri wa mlo. Mwezi ukapita, akarudi, presha iko palepale.

Ndipo nikaomba kumtembelea. Nilimkuta mkwewe anapika kiburu. Maharage yalikuwa yanatokota kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga, ndizi zimeshamenywa, zimelala kwenye beseni la maji. Yule binti akafungua mkebe wa zamani wa majani ya chai, akachota magadi kwa vidole vitatu, akatia, akakoroga, akachota tena. "Bila haya maharage hayaivi mapema, na baba hali," akaniambia. Nikauliza kuhusu makande. Nayo hutiwa magadi. Mnafu je? Kidogo tu, uchungu upungue.

Magadi ni chumvichumvi za sodiamu, na sodiamu ndiyo hasa tunayoikimbia tunapomwambia mtu wa presha apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mama yule alikuwa ameziacha gramu zake kwa uaminifu kabisa, huku sodiamu ikimfuata kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, magadi yetu ya huku kaskazini mara nyingi huwa na floraidi nyingi, na hilo linanitia hofu kila nikiona watoto wadogo wanakula sufuria hiyohiyo wakati meno yao bado yanajengeka.

Kwa hiyo tulizungumza, mimi na mkwe, maana yeye ndiye mwenye mwiko. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Magadi yapunguzwe wiki hadi wiki ili ulimi wa baba usishtuke, na ladha itafutwe kwenye kitunguu, nyanya na ndimu. Presha ya mama ilishuka kidogo kidogo. Sisemi ni magadi peke yake, kwani daktari naye alimrekebishia dawa. Lakini tangu siku ile sianzi na mteja mpaka nimezungumza na anayempikia.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi yake. Ukimuuliza mtu "unakula nini?" atakutajia anachodhani unataka kusikia: mboga, matunda, maji mengi. Mimi nauliza jana. Jana uliamka saa ngapi? Kitu cha kwanza kuingia mdomoni kilikuwa nini? Chai hiyo ulinywea kikombe kipi, ukatia sukari vijiko vingapi? Natembea na vikombe viwili, bakuli na upawa kwenye kikapu changu ili anionyeshe kwa mikono yake. Na uulize mbege, kwa heshima na bila kukunja uso. Wazee wengi hawaihesabu kuwa chakula, ilhali ni ndizi mbivu na ulezi, ina sukari na kilevi, na kata moja si ndogo.

Kwa wenye kisukari utakutana sana na dona. "Nimeambiwa nile dona," na anakula mlima wa dona mchana na jioni. Kweli dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini bado ni wanga, na kiasi ndicho kinachoamua. Ndizi za kupika vivyo hivyo. Usimkataze Mchaga ndizi. Mwonyeshe kwenye sahani yake robo ya ndizi, robo ya maharage au nyama, na nusu nzima ya mboga za majani. Machalari, zile ndizi zetu za kupika na nyama, yanabaki kuwa machalari.

Sasa kosa langu, na nalisema ili usilirudie. Mwaka wangu wa kwanza nilimpunguzia mzee mmoja wanga kwa kiasi kikubwa bila kuuliza dawa zake zote. Alikuwa anachoma insulini. Alifuata maneno yangu neno kwa neno, dozi ikabaki ileile, na siku ya tatu usiku sukari ikashuka, akatoka jasho, akaanza kuropoka. Mkewe alimlambisha asali, wakamkimbiza hospitali, akapona. Sikulala usiku ule. Leo hakuna mlo ninaouandika kabla sijaona dawa zenyewe mezani, na mtu wa insulini simgusi mpaka nimewasiliana na daktari wake. Mgonjwa wa figo pia ni hivyo, kwa sababu ya potasiamu iliyo kwenye ndizi, parachichi na mboga tunazowasifia wengine.

Kuhusu fedha nitasema machache. Watatokea watu wa virutubisho vya makopo wakitaka uwauzie wateja wako upate asilimia yako. Kataa. Siku utakapopata faida kwenye kopo, hutaweza tena kumshauri mtu anunue dagaa wa soko la Mbuyuni kwa moyo mweupe. Wateja nao wengine watashangaa kulipia "maneno", basi taja bei kabla hamjaketi. Mimi hutoza ziara ya kwanza zaidi ya zinazofuata, na naeleza sababu waziwazi: ndani yake kuna kufika nyumbani, kukaa jikoni mpaka chakula kiive, na nauli ya kupanda Kibosho na kurudi.