Mafundi, mkifika Los Angeles piteni Kings Road

Wenzangu wa kazi za ujenzi, mkijaliwa kufika Los Angeles msiondoke bila kupita Kings Road, West Hollywood. Hapo ipo nyumba ya msanifu Rudolph Schindler, mzaliwa wa Vienna, iliyojengwa kati ya 1921 na 1922 kwa ajili ya familia mbili: yeye na mkewe Pauline, pamoja na mjenzi Clyde Chace na mkewe Marian. Mimi husimamia ujenzi, na nyumba hii ya chini imenifundisha kuliko maghorofa mengi niliyoyapanda.

Wageni wengi hukimbilia bustani. Ninyi anzeni na ukuta. Jamvi, yaani sakafu ya zege, lilimwagwa kwanza, kisha vipande vya ukuta vikamwagwa vikiwa vimelala juu ya jamvi hilohilo. Zege ilipokomaa, vikainuliwa kwa kapi na kamba mpaka vikasimama. Fomu, yaani mbao za kuzuia zege, iliyohitajika ni ya kingo tu. Anayenunua mbao leo anajua huo ni uokoaji wa pesa kiasi gani. Msanifu Irving Gill alishaitumia njia hii kusini mwa California kabla yake, ila Schindler alitumia vipande vyenye upana mdogo, ambavyo watu wachache waliweza kuvisimamisha.

Sasa sogeeni karibu. Kati ya kipande na kipande pana mwanya wa inchi 3 hivi. Mingine imezibwa kwa zege, mingine imetiwa kioo, na mwanga unapenya humo wima kuanzia chini hadi juu. Sisi tumezoea kuficha maungio kwa plasta. Pale maungio ndiyo madirisha, na sijaona uamuzi mzuri kuliko huo katika kazi ya zege.

Paa bapa lake msiliige hivihivi, hasa penye masika ya kweli; limewahi kuvuja.

Mkitaka kujaribu, anzeni na uzio au stoo. Tandikeni nailoni juu ya jamvi ili zege mpya isishikane na ya zamani, na mwagilieni maji angalau siku 7. Mhandisi apange nondo na kulabu kwa kufikiria kuinua, maana kipande hupata taabu zaidi kikiinuliwa kuliko kikishasimama. Mtu asikae upande kinakoweza kuangukia, na tegemeo zisiondolewe mpaka paa likae na kushika kuta.