Jibu: Kwa nini Moses Fleetwood Walker alicheza msimu mmoja tu katika ligi kuu

Ndugu, umeuliza kama Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi aliyeichezea timu ya Toledo mwaka 1884, alitoweka haraka katika ligi kuu ya besiboli kwa sababu ya uwezo mdogo. La hasha. Katika mechi 42 alizocheza, wastani wake wa kupiga mpira ulikuwa .263 (yaani alifanikiwa takriban mara 26 katika kila zamu 100 za kupiga), juu ya wastani wa ligi yenyewe.

Tazama kazi aliyopewa. Alikuwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, na mara nyingi alidaka mikono mitupu. Mrushaji wa timu yake, Tony Mullane, alikuja kukiri baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kucheza nao, ila kwa chuki ya rangi alizipuuza ishara zake, ambazo mdakaji humpa mrushaji kumwambia arushe mpira wa aina gani, na kurusha alivyotaka, kwa hiyo Walker alilazimika kudaka bila kujua kama mpira utakuja kwa kasi au utapinda. Kwangu mimi, huo ni ustadi wa hali ya juu kabisa.

Majeraha yalimwandama, akaachwa kabla msimu haujaisha, na Toledo nayo ikatoka katika ligi hiyo. Aliendelea katika ligi za chini, Newark kisha Syracuse, hadi 1889, ingawa Julai 1887 viongozi wa International League, mojawapo ya ligi hizo za chini, walikuwa wamepiga kura kutoidhinisha mikataba mipya ya wachezaji weusi. Ligi kuu zilibaki zimewafungia mlango hadi mchezaji mweusi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947.