Wenzangu wa zahanati, swali lako la utafiti liko kwenye kitabu namba 6

Mbukwenyi wenzangu. Naandika nikiwa Chamwino, hapa Dodoma, wilaya ileile niliyoanzia kazi kama muuguzi mkunga mwenye cheti, na namwandikia yule aliye kwenye kituo chenye watumishi wawili, unazalisha usiku peke yako alafu asubuhi unaanza chanjo na macho mekundu. Kila wiki napata meseji kutoka kwa wadogo zangu wa aina hiyo, "dada wewe ulipitia wapi mpaka ukasoma, ulipataje hela ya utafiti", na nimekuwa namjibu mmoja mmoja, sasa nimeona bora niweke yote hapa.

Kwanza niseme kitu ambacho mimi mwenyewe nilikiamini miaka mingi, kwamba fursa ni za watu wa Dar na hospitali kubwa. Kuna ukweli ndani yake. Kuna tangazo moja la ufadhili lilinifikia siku tatu baada ya dedilaini kupita, barua yenyewe ilikuwa imekaa mwezi mzima kwenye meza ya ofisi fulani, na siku hiyo kliniki ilipoisha nilikaa kwenye benchi la wamama nikalia. Lakini baada ya hapo nikaacha kusubiri barua. Mtandao kwetu ulikuwa unashika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya mtumishi, basi kila Jumapili saa kumi na mbili jioni napanda pale na simu, nafungua kurasa nne tano ninazozijua, naangalia kuna nini kipya, nashuka. Nusu saa tu. Grupu za WhatsApp zinasaidia ila mara nyingi tangazo likifika kule limeshapita mikono mia na nusu yake ni matapeli. Ufadhili wa kweli haukwambii utume hela kwa simu ili "ufunguliwe faili". Ukiona hivyo achana nao hapohapo.

Kingine kinachotuangusha ni makaratasi. Niliwahi kukosa nafasi nzuri kabisa kwa sababu transkripti yangu ilikuwa bado chuoni na chuo kiko mkoa mwingine, dedilaini wiki mbili, na nauli sina. Kwaiyo usisubiri tangazo. Tafuta faili gumu la plastiki, weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, transkripti, leseni ya baraza la taaluma yako ambayo haijaisha muda, barua ya ajira na barua ya kuthibitishwa kazini, alafu siku ukienda mjini pitia steshenari wakuskanie vyote, jitumie kwenye imeili yako mwenyewe. Na uangalie majina, tafadhali. Wengi wetu cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha shule kina jina la baba, na cha chuo wameandika herufi moja tofauti. Hilo linamalizwa kwa wakili mapema, ukiwa na muda, maana siku ya kutuma maombi haliwezekani.

Sasa ruhusa. Hapa watu wanaumia sana kwa kutojua utaratibu. Ukiajiriwa serikalini una kipindi cha majaribio cha miezi 12, usipothibitishwa usianze hata kuota masomo marefu. Ukishathibitishwa unaandika barua kupitia kwa mganga mfawidhi, inaenda kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya), inaenda kwa DED (mkurugenzi wa halmashauri), na jina lako linatakiwa liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwaiyo anayepeleka barua mwezi wa sita anaambiwa subiri mwakani, na kweli anasubiri. Peleka wakati wanaandaa bajeti, miezi ya mwisho wa mwaka wa kalenda. Na kila barua unayopeleka masijala nenda na nakala yako, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo nakala ukaitunze kwenye lile faili. Mimi nakala yenye muhuri iliniokoa mara mbili pale nilipoambiwa barua yako hatuijui. Usiondoke bila ruhusa hata kama chuo kinaanza kesho, ni utoro kazini huo, mshahara unasimama na ajira inaweza kwenda.

Kuhusu kusoma kwenyewe sitakaa sana maana hili wengi mnalifahamu. Hapa Dodoma tuna vyuo vikuu vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na St. John's kwa digrii ya uuguzi, Mvumi wana chuo chao cha afya, huna sababu ya kuwaza mbali kabla hujauliza karibu. Wadogo zetu wanaoingia diploma za afya moja kwa moja wajue bodi ya mikopo, HESLB, ilianza kukopesha ngazi ya diploma mwaka wa masomo 2023/24, soma vigezo vyao vizuri. Madaktari wana ufadhili wa wizara kwa ubingwa na ubobezi, ule unaoitwa kwa jina la Rais Samia. Na wewe mwenye digrii tayari ila una watoto na huwezi kuacha nyumba, angalia skolashipu za Jumuiya ya Madola za masters kwa masafa, unasoma chuo cha Uingereza ukiwa hapahapa kijijini na wanalipa wao. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, ni ya kwenda kusoma kule mwaka mmoja, wanataka uwe umefanya kazi masaa 2,800, ambayo mtu wa zahanati ukihesabu zamu zako umeshayapita zamani, na baada ya hapo unarudi nyumbani miaka miwili. Dedilaini ikiandikwa 23:59 GMT, kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja usiku, lakini usifike huko, bando litakuangusha. Tuma siku tatu kabla.

Ukiwa unaandika ile barua ya kujieleza usione aibu kusema umezaliwa kijijini na unafanya kazi kijijini. Shirika la Afya Duniani walitoa miongozo mwaka 2010 wakairudia 2021 kuhusu namna ya kupata na kubakiza watumishi vijijini, na moja ya mambo wanayoshauri ni kuchukua wanafunzi waliotokea vijijini, kwa sababu ndo wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Yaani unachokificha ndo wanachokitafuta. Niliandika kwamba nimezaliwa Mpwapwa na mama yangu alijifungulia nyumbani watoto wote, sikuweka mapambo yoyote.

Sasa nije kwenye utafiti, na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Watu wanadhani utafiti ni maabara na watu wenye PhD. Kongwa ni hapo tu jirani. Miaka ya 80 na 90 watafiti wa Johns Hopkins ya Marekani walifanya kazi ya trakoma vijijini kule, ile tunayoita vikope, na utafiti waliochapisha mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilikuwa safi walipungukiwa na trakoma kali. Kunawa uso. Leo kunawa uso ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima wa kupambana na trakoma, na watoto waliochunguzwa ni wa Wagogo wenzetu wenye makamasi na nzi usoni, wale ambao nesi wa Kongwa alikuwa anawaona kila siku. Najiuliza mara nyingi, manesi wa wakati ule waliona nini ambacho hawakupata pa kukiandika. Na mwaka 2016 Chemba na Kondoa, ile sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi, watu wamejaa tumbo na macho ya njano, wagonjwa walifika kwanza kwenye vituo vya kawaida kama vyetu kabla mtaalamu yeyote hajashuka kwenye gari.

Swali langu mimi lilitoka kwenye MTUHA, vile vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa na huduma vya kituo, kitabu namba 6, kile cha wajawazito. Ilikuwa Alhamisi mchana kliniki imeisha, nakagua kitabu ili nifunge ripoti ya mwezi, nikaona kwenye ile safu ya umri wa mimba hudhurio la kwanza kuna wamama wengi wanaanza wiki ya 20 na kuendelea, wakati tunawaambia waje kabla ya wiki 12. Hilo kila mtu analijua. Ila nilipochukua peni na karatasi nikaanza kupiga mistari kwa kitongoji, ikaonekana wanaochelewa sana wanatoka vitongoji viwili, na sio vya mbali, kimojawapo naweza kutembea kwa miguu nikafika. Hapo nikashangaa. Siku zote tulikuwa tunaandika kwenye ripoti "umbali" na "elimu duni".

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja wa kitongoji hicho, mimba ya miezi sita, nikamuuliza taratibu nikiwa napima tumbo. Akanijibu, "Nesi, ningekuja lini, na baba yake yuko Kiteto kulima? Nyie si mlisema tusije bila mume." Nikamwambia angeleta barua ya mwenyekiti. Akasema mwenyekiti naye yuko Kiteto.

Nilinyamaza. Ni sisi tuliokuwa tunawaambia waje na wenza wao wapimwe pamoja, kwa nia njema kabisa, na kwa mama ambaye mume ameondoka mvua zilipoanza Desemba, maneno yale yalikuwa mlango uliofungwa. Hakuna profesa wa Dar angeliona hilo kutoka ofisini kwake. Lilionekana kwa mtu mwenye kitabu namba 6 mkononi na mama kitandani.

Basi nikaandika ukurasa mmoja, ukurasa mmoja tu, kwamba nimeona nini, nadhani sababu ni nini, nataka kumuuliza nani, na jibu litabadilisha nini hapa kituoni. Nikautuma kwa waalimu watatu wa vyuo vya hapa Dodoma ambao imeili zao zipo wazi kwenye tovuti. Wawili hawakujibu. Wa tatu alijibu baada ya wiki tatu akasema njoo tuongee. Huyo ndo alinisaidia kugeuza ule ukurasa kuwa andiko la utafiti na kulipeleka kwenye kamati ya maadili. Hili usiliruke kamwe: utafiti wowote unaohusu wagonjwa lazima upate kibali cha maadili, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au kamati ya chuo inayotambulika, alafu barua ya mkoa kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), ya DED, na mtendaji wa kijiji ajue. Na kitabu cha MTUHA ni siri za watu. Usipige picha kurasa zenye majina ukazitupa kwenye grupu, hata kama ni la kazini, hata kama ni DMO ameomba haraka. Kuhesabu kwa ajili ya kuboresha kituo chako ni kazi yako, kuchapisha ni kitu kingine na kina sheria zake.

Hela je? Kwa wanaoanza ipo misaada midogo. Ile jumuiya ya Uingereza ya magonjwa ya kitropiki, RSTMH, inatoa ruzuku ndogo za hadi pauni 5,000 kwa watafiti wanaoanza, na kwa utafiti wa zahanati hiyo ni hela nyingi. TDR, ule mpango wa utafiti ulio chini ya WHO toka mwaka 1975, wana kozi ya bure mtandaoni ya utafiti wa utekelezaji, ambao kwa lugha yetu ni kuuliza kwa nini kitu tunachojua kinafanya kazi hakifanyi kazi hapa kwetu, na wamekuwa wakidhamini masters kwenye vyuo kama cha Ghana na Witwatersrand. Hiyo kozi ishushe ukiwa mjini kwenye waifai, utaisomea nyumbani. Mimi mara ya kwanza kuomba ruzuku nilikosa, na nilipoangalia tena nikagundua bajeti yangu haikuwa ya kweli, nilisahau mafuta ya bodaboda kwenda vitongojini, nilisahau fotokopi, nilisahau posho ya mhudumu wa jamii anayenipeleka nyumba kwa nyumba. Ukiandika kidogo sana wanajua hujawahi kufika site. Mara ya pili niliweka kila kitu, hadi betri za tochi, nikapata.

Makala za kusoma zisikutishe. PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za afya, ni bure. Hinari ya WHO inafungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi kama yetu, kwaiyo muulize mtu wa maktaba wa chuo au hospitali iliyosajiliwa. Na ukifika kuchapisha, majarida mengi makubwa yanasamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zetu, ila unaomba mapema, na jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, likimbie.

Nimebakiza moja linaloniuma. Watafiti wanakuja na gari, wanakaa wiki mbili, wewe unawatafutia wamama, unawatafsiria Kigogo, unakesha unajaza madodoso, wanaondoka, na baada ya miaka miwili makala inatoka na jina lako halipo hata kwenye shukrani. Sheria za majarida zinasema kukusanya data peke yake hakukupi uandishi, lazima uwe umechangia pia kuandika au kurekebisha, umepitisha nakala ya mwisho na uko tayari kuwajibika nayo. Kwaiyo sema siku ya kwanza, kwa heshima, mbele ya kiongozi wao: naomba nishiriki kwenye uchambuzi na kuandika, naomba mniandikie kwenye makubaliano. Nimesema hivyo mara tatu. Mara moja walikataa, mara mbili walikubali, na mmoja wao ndo aliniandikia barua ya utambulisho iliyonipeleka masomoni.

Pale kituoni kwangu siku hizi mama anayekuja peke yake anapokelewa hukohuko siku ya kwanza, haulizwi barua. Mwenza tunamkaribisha akirudi kutoka shamba. Na Alhamisi kliniki ikiisha nakaa na vijana wawili, tabibu mmoja wa Bahi ambaye ana swali la watoto wanaorudi na kuhara kila mwanzo wa mvua, na muuguzi mmoja wa huku Chamwino ambaye bado anatafuta lake. Huyo nimemwambia asihangaike na intaneti kwanza, aje na mistari aliyopiga kutoka kwenye kitabu chake, bila majina ya watu, tutaanzia hapo.