Uhamisho unatuhusu sana Dodoma
Ndugu, umeuliza maonyesho ya sanaa kuhusu uhamisho na kumbukumbu yanatuhusu nini watu wa Dodoma. Nenda Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma! Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe walikaa pale, eneo lilikoshindwa shamba kubwa la karanga la Waingereza. Wengine walizaa na wenyeji, kisha vita ikawaita, watoto wakabaki na mama zao. Na Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970? Wagogo wangapi waliacha nyumba zao za tembe na makaburi ya wazee wao wakahamishiwa vijiji vya Ujamaa! Kwangu kuzihifadhi kumbukumbu hizo ndiyo kazi ya msanii, na natamani sana maonyesho kama hayo yaanzie Kongwa, wazee wakiwa bado wapo wa kusimulia.