Kwa nini watu wa Eakins wamechoka

Mwanangu,

Ujumbe wako kutoka Philadelphia nimeusoma mara mbili. Umeona picha za mchoraji Thomas Eakins, sasa unaniuliza: hawa watu mbona wote wamechoka, na kama ndivyo alivyowachora, nani alikuwa akimlipa?

Wengi hawakumlipa. Aliwaomba mwenyewe waje wakae, akawapa picha bure, na bado wapo walioikataa.

Bwana huyu alizaliwa hapohapo ulipo, mwaka 1844, mtoto wa mwalimu wa mwandiko. Alisoma Paris kwa mchoraji Gérôme, akapita Hispania kuona kazi za Velázquez, mchoraji wa zamani wa huko. Mimi lakini naona kilichomfinyanga ni chuo cha udaktari cha Jefferson, alikokwenda kujifunza mwili kwa maiti zilizopasuliwa. Ngozi ataichoraje mtu asiyejua kilicho chini yake?

Ile iliyokutisha, ya Dk. Samuel Gross mwenye damu mkononi, ni ya 1875. Mgonjwa anapasuliwa paja, na daktari kageuka kando na kisu chake, kama mwalimu anayengoja darasa limfikie. Mwanamke aliyejificha uso ndiye peke yake anayefanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho makubwa ya miaka 100 ya uhuru wa Marekani, waliochagua kazi za sanaa waliikataa, ikatundikwa kwenye hospitali ya jeshi ya maonyesho. Chuo cha Jefferson kiliinunua kwa dola 200. Mwaka 2006 kikaiuza kwa dola milioni 68, watu wa mji wakachangishana isiondoke. Ukiipata ile nyingine ya upasuaji, ya Dk. Agnew ya 1889, tazama nguo: kwa Gross makoti meusi ya mtaani, kwa Agnew meupe. Ndani ya miaka 14 upasuaji ulikuwa umejua usafi.

Mwaka 1886 chuo cha sanaa cha Pennsylvania, alikokuwa akifundisha, kilimlazimisha kujiuzulu, kwa kuwa alimvua mwanamume wa kuchorwa kitambaa cha kiunoni mbele ya wanafunzi wa kike. Baada ya hapo ndipo sura za watu zikawa kazi yake kubwa. Mshairi Walt Whitman, aliyechorwa naye, alimsifu kwa kuchora kilichopo, si kile ambacho watu wangependa kiwepo.

Na uchovu? Alimkalisha mtu saa nyingi, siku baada ya siku. Ukikaa hivyo, tabasamu la wageni hukuishia. Amelia Van Buren, mwanafunzi wake, kajiegemeza kwenye kiti kikubwa, shavu mkononi, macho kwingine kabisa. Naipenda kuliko ya Gross.

Bibi yako nilimchora mwaka niliostaafu kufundisha. Aliitazama, akaniuliza, "Mkwe wangu, nimekukosea nini?" Iko nyuma ya kabati mpaka leo, imegeukia ukuta. Ukija Desemba nitakuonyesha, akiwa amelala.

Mama yako